Kutoka Ngong hadi Magadi kwa Miguu: Jinsi ya Kupanga Safari ya Kutazama Ndege katika Nchi Kame

Mtu akisimama mahali palipoinuka katikati ya Nairobi, asubuhi isiyo na mawingu, akatazama upande wa magharibi na kusini, ataviona vilima vya Ngong vimejipanga kama vifundo vya ngumi. Maelfu ya watu wanaopita kila siku katika barabara ya Ngong, wakitoka Dagoretti Corner na Karen kwenda kazini mjini, huvitazama vilima hivyo kama ukuta ulio mwisho wa mji. Kwa kweli vilima hivyo ni mlango. Nyuma yake nchi huporomoka ghafula kuingia katika Bonde la Ufa, na mwenda kwa miguu, katika muda wa siku chache tu, hutoka kwenye mashamba ya mboga na majani mabichi akafika katika nchi ya miiba, mawe meusi na vumbi, ambayo mwisho wake ni Ziwa Magadi.

Siku hizi vijana wengi wa mjini wamependa kutembea mwendo mrefu, na wengine wamependa kutazama ndege. Makala hii yaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuunganishwa katika safari moja ya siku saba, ya kilomita kama 90, na jinsi ya kuipanga kwa akili. Nchi kame haimsamehe mtu aliyekwenda bila kujiandaa. Lakini kwa yule aliyejiandaa, ni nchi yenye mambo mengi ya kujifunza.

KWA NINI NCHI HII NI KAME

Yafaa kwanza kufahamu sababu ya ukame wenyewe, kwa maana mipango yote ya safari hutokana nao. Pepo zetu za mvua hutoka Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Zikifika nchi ya juu ya Nairobi na Kikuyu hulazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa, na hewa ikipoa hushindwa kuyachukua maji yake, basi mvua hunyesha. Ndiyo sababu Dagoretti hupata mvua ya milimita kama 1,000 kwa mwaka. Lakini pepo hizo hizo zikiisha kuvuka vilima vya Ngong hushuka upande wa pili zikiwa zimekwisha kumwaga mzigo wao. Hewa inayoshuka hupata joto na kukauka. Kwa hiyo Magadi, ambayo si mbali sana kwa jicho la ndege, hupata mvua isiyofika nusu ya ile ya Dagoretti.

Tena kuna habari ya joto. Kilele cha Ngong kina urefu wa mita 2,460 juu ya bahari, na Ziwa Magadi liko katika mita kama 600 tu. Kwa desturi kila mtu ashukapo mita 1,000 joto huongezeka kwa digrii 6 au 7. Basi anayetoka kileleni amevaa koti zito kwa sababu ya baridi atakuta Magadi joto limezidi lile la kilele kwa digrii 12 hivi, na mchana jua huko huweza kupita digrii 35. Mwili wa mtu wa mjini haukuzoea hayo, nao wahitaji kuingizwa katika joto kidogo kidogo. Hii ni faida moja ya kwenda kwa miguu: njia yenyewe humzoeza msafiri.

NDEGE HUPANGA SAA ZA SAFARI

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini safari ipangwe kwa kufuata ndege? Jibu ni kwamba ndege wenyewe ndio wajuao kuishi katika nchi ile, na anayefuata desturi zao atasafiri salama zaidi kuliko anayefuata saa za ofisini.

Ndege wa nchi kame hushughulika tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi. Jua likipanda hujificha kivulini, wakafumba midomo na kutulia, na bonde lote huwa kimya. Saa kumi alasiri huanza tena mpaka jua linapokaribia kuzama. Msafiri na afanye vivyo hivyo. Aanze mwendo saa kumi na mbili asubuhi kunapopambazuka, apumzike chini ya mti tangu saa nne hadi saa kumi, kisha atembee tena saa mbili za jioni. Kwa utaratibu huo hupata kama saa sita za mwendo kwa siku, wala hatakutwa njiani na jua kali la adhuhuri, ambalo ndilo huangusha watu.

Jambo la pili ni mwendo wenyewe. Mtu mwenye afya hutembea kilomita 5 kwa saa katika barabara nzuri. Lakini mtazama ndege husimama, huinua darubini, husikiliza, huandika. Hatapita kilomita 2 au 3 kwa saa. Basi kwa saa sita za mwendo ahesabu kilomita 12 hadi 18 kwa siku, asizidishe. Wengi huharibu safari kwa kujipangia kilomita 30 kwa siku kwa sababu ramani inaonyesha kuwa ni karibu.

Jambo la tatu ni maji. Katika nchi hii yuko ndege aitwaye firigogo, mwenye umbo kama la njiwa na rangi ya mchanga. Hula mbegu kavu tu, kwa hiyo hana budi kunywa maji kila siku, naye huruka mwendo mrefu kuyafuata. Makundi ya firigogo yakionekana asubuhi yakiruka kwa haraka kuelekea upande mmoja, ni alama kwamba upande huo kuna maji. Na ajabu yake ni hii: dume huingiza tumbo lake majini, manyoya yake yakafyonza maji kama sifongo, kisha huruka kurudi kwa makinda, nao hunywa kutoka katika manyoya hayo. Hata hivyo msafiri asiyategemee maji ya firigogo kwa uhai wake. Maji yanayomtosha ndege mara nyingi ni matope kwa mtu.

NJIA NA SIKU ZAKE

Siku ya kwanza ni ya vilima. Msafiri apande gari la namba 111 kutoka mjini hadi Ngong, kisha aende langoni kwa msitu wa vilima, ambako walinzi wa Huduma ya Misitu ya Kenya hutoza kiingilio. Yafaa kumwomba mlinzi wa kusindikiza, kwa kuwa mahali pengine ni pweke. Njia hupita juu ya vilele mpaka Kona Baridi katika barabara ya Magadi, mwendo wa kilomita kama 12. Huku juu hukaa kipanga mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu, anayening'inia hewani dhidi ya upepo. Wakati wa mvua, katika nyasi ndefu, ndege mweusi mwenye mkia uliopinda hurukaruka kwenda juu na kushuka mahali pale pale, akiwaonyesha majike kiwanja chake.

Siku ya pili na ya tatu ni za kuteremka, kupitia Kisamis na Oltepesi mpaka Olorgesailie, kilomita kama 35. Hapa migunga huanza, na ndege hubadilika kabisa. Msafiri atamsikia zuwakulu mwekundu na manjano akiimba juu ya kichuguu pamoja na mwenziwe, kwa kupokezana kama waimbaji wawili wanaojua zamu zao. Ndani ya kichuguu hicho ndimo alimochimba tundu lake. Atawaona hondohondo, ambao jike wake hujifungia ndani ya shimo la mti kwa kuziba mlango kwa udongo, akaacha ufa mwembamba wa kulishwa na mumewe mpaka makinda yapate nguvu. Atawaona kwezi wa buluu na tumbo la hudhurungi, na ndege mkubwa wa kijivu mwenye kishungi, ambaye mlio wake ni kama wa kondoo na ambaye huwashtua wanyama wote kwamba mtu anakuja.

Siku ya nne ni ya kupumzika Olorgesailie. Mahali hapa si pa ndege tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Louis Leakey na mkewe Mary walichimbua hapa mashoka ya mawe kwa mamia, yaliyotengenezwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, wakati palipokuwa na ziwa. Makumbusho ya Taifa hupatunza, na pana nafasi ya kupiga hema. Siku hii moja ya kukaa huupa mwili nafasi ya kuzoea joto, na miguu yenye malengelenge nafasi ya kupona. Asiyeweza kuendelea anaweza kurudi Nairobi kwa gari kutoka hapa bila aibu yoyote, kwa kuwa amekwisha kutembea nusu ya njia.

Siku ya tano, ya sita na ya saba ni za nchi kame halisi, kilomita kama 45 mpaka Magadi. Miti hupungua, mawe huzidi, na kivuli huwa haba. Mwisho wa njia ni ziwa jeupe kama limemwagiwa chumvi, ambako kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911 huchimba magadi. Kandokando ya chemchemi zake za moto husimama heroe na ndege wadogo wa pwani, na miongoni mwao yumo mmoja mwenye mshipi wa hudhurungi kifuani, ambaye katika nchi yetu yote makao yake makuu ni ziwa hili.

Wazee wengi wakumbuka habari za mwaka 1962. Kwa desturi heroe wa Afrika Mashariki hutaga katika Ziwa Natron upande wa Tanzania. Mwaka huo Natron lilifurika, wakaja kutaga Magadi kwa wingi mno. Lakini maji ya Magadi ni makali, na magadi yaliganda katika miguu ya makinda yakawa kama pingu za mawe, hata hayakuweza kwenda. Watu walijitolea kuingia ziwani katika joto lile, wakazivunja pingu hizo kwa nyundo ndogo, kinda mmoja mmoja, na maelfu ya makinda yakaokoka. Anayefika Magadi kwa miguu, akaisikia joto la udongo ule, ataelewa ilikuwa kazi ya namna gani.

MAJIRA YA KWENDA

Kuna wageni wanaokuja kwetu kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Hufika kuanzia Septemba na Oktoba, wakarudi Machi na Aprili. Miongoni mwao ni mbayuwayu, korongo weupe, keremkerem, na ndege mdogo mwenye kiuno cheupe ambaye Waingereza humwita wheatear. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba wengine wa ndege hao wadogo huzaliwa Alaska, katika ncha ya Marekani, wakaruka kilomita kama 14,500 kupitia Asia mpaka Afrika Mashariki. Uzito wa ndege huyo ni gramu kama 25 tu, yaani hazidi barua nyepesi. Anayetaka kuwaona wageni hawa asiende Julai.

Lakini mwezi wa Februari, ingawa wageni wapo, joto na ukame huzidi. Aprili mvua za masika hujaza makorongo. Basi majira yaliyo bora ni baada ya mvua za vuli, tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Wakati huo nyasi zina mbegu, ndege wenyeji wamevaa manyoya yao mazuri na kujenga viota, wageni wamekwisha kufika, na mifugo haijasongamana kwenye visima. Hata hivyo mvua ya vuli huweza kuchelewa. Kabla ya kuondoka, msafiri na apate utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, ambayo makao yake makuu yako Dagoretti Corner. Na wakati wowote asipige hema ndani ya korongo kavu, hata kama mchanga wake ni laini na wa kuvutia. Mvua ikinyesha mbali milimani, maji huweza kuja usiku kwa ghafula na kuwachukua waliolala, ingawa juu yao hakuna wingu.

HESABU YA MAJI

Hili ndilo jambo kuu kuliko yote. Mtu anayetembea katika joto hili ahesabu lita 6 za kunywa kwa siku, na lita 2 za kupikia na kunawa. Jumla ni lita 8. Sasa tuchukue kundi la watu wanne kwa siku tatu za mwisho: 4 mara 8 mara 3 ni lita 96. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi kila mtu angebeba kilo 24 za maji peke yake, mbali na chakula, hema na darubini. Haiwezekani, naye ajaribuye atayamwaga maji kabla ya kuyahitaji.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka maji mbele kwa gari. Lita 96 ni mitungi mitano ya lita 20. Mitungi hiyo huwekwa kwa mwenye duka au mwenyeji mwaminifu katika kila kituo, kwa mapatano ya malipo, siku moja au mbili kabla ya safari. Ya pili ni kukodi punda pamoja na mwenyewe. Punda mmoja huchukua mitungi miwili bila kuonewa. Yafaa kuchanganya njia zote mbili, kwa sababu punda huweza kukimbia, na mtungi huweza kutoboka.

Kanuni nyingine ni hizi. Njia ifuatwe kwa mapito ya mifugo yaliyo sambamba na barabara kuu, wala msafiri asiwe mbali na barabara kupita mwendo wa saa moja, ili msaada uweze kupatikana. Maji ya Ziwa Magadi hayanyweki. Visima na mabwawa ya wafugaji yasichukuliwe bila ruhusa. Maji yale ni uhai wa ng'ombe wao na wa watoto wao. Mtu akiumwa na kichwa, akichafukwa na moyo, au mkojo wake ukiwa mweusi kama chai, apumzishwe kivulini mara moja na kunyweshwa kidogo kidogo. Dawa yake hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Lakini akianza kusema maneno yasiyo na maana, au ngozi ikawa ya moto sana, hayo si ya kungoja: amwagiwe maji, apepewe, na gari litafutwe apelekwe hospitali upesi.

MAANDALIZI MJINI

Kazi ya kujiandaa ianze miezi miwili kabla. Wa kwanza kuendewa ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, katika mlima wa Makumbusho, ambako chama cha Nature Kenya kina ofisi. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1909, na tangu mwaka 1971 kimekuwa na matembezi ya kutazama ndege asubuhi ya Jumatano, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno. Anayeanza hapotezi kitu kwa kufuatana na waliotangulia. Asubuhi chache pamoja nao humfundisha kuliko mwaka mzima wa kusoma kitabu peke yake.

Mazoezi na yaanzie karibu. Katika bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, mtu ajifunze kuwatambua ndege wa kila siku: kwarara wenye kelele, kuzumburu wenye mikia mirefu, shore, na chozi. Mjini kwenyewe wako mwewe wanaonyang'anya chakula mikononi mwa watu. Asiyeweza kumtofautisha mwewe na tumbusi akiwa mjini hataweza akiwa Olorgesailie. Kisha kila Jumamosi atembee mwendo unaozidi kidogo: wiki hii kilomita 8, wiki ijayo 12, mpaka aweze kutembea 18 siku mbili mfululizo akiwa na mzigo.

Vifaa si lazima viwe vya gharama. Viatu vigumu vya mtumba hupatikana katika Soko la Toi, karibu na Adams Arcade, ila vivaliwe mwezi mzima kabla ya safari ili vizoee mguu. Darubini iliyoandikwa 8 mara 32 au 8 mara 42 hutosha. Namba ya kwanza ni mara ngapi ndege atakuzwa, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Mwenye kununua ya 12 kwa kutaka makuu ataona mikono yake ikitetemeka na ndege akitetemeka pamoja nayo. Ramani za milimita na kilomita hutengenezwa na Idara ya Upimaji ya Kenya, huko Ruaraka. Aongeze kofia pana, nguo za mikono mirefu, chandarua kwa sababu ya malaria ya nchi ya chini, taa, filimbi, na daftari lenye kalamu ya risasi, ambayo haimwagiki wino kwa jasho.

Mwisho, aandike barua fupi ya safari: majina ya waendao, njia, kituo cha kila usiku, na siku ya kurudi. Aiache kwa mtu wa nyumbani, na kumwambia ni siku gani aanze kuulizia akiwa hakupata habari.

WENYEJI WA NJIA

Nchi kutoka Kona Baridi hadi Magadi ina wenyewe. Ni nchi ya Wamaasai, na malisho yanayoonekana matupu kwa mgeni yanajulikana na wenyeji kisima kwa kisima na mti kwa mti. Msafiri aende kwa chifu au kwa kamati ya mahali, ajitambulishe, aeleze kusudi lake, na kumwajiri mwenyeji wa kumwongoza kwa ujira wa haki. Mzee akamwita kwa heshima, kijana akamwamkia. Asipige picha ya mtu wala ya ng'ombe bila kuomba.

Kiongozi si wa kuonyesha njia tu. Simba, chui, fisi na tembo bado wako katika sehemu za bonde hili, na nyoka hupenda mawe yenye joto. Mchungaji aliyelelewa hapa husikia jambo mapema kwa sauti za ndege, kabla ya mgeni kuona lolote. Kwa sababu hiyo pia isitembewe usiku.

TUMBUSI NA SUMU

Kuna ndege mmoja ambaye msafiri amhesabu kwa uangalifu kuliko wengine wote, naye ni tumbusi. Watu wengi humdharau kwa upara wake na kwa chakula chake. Lakini tumbusi wa namna ya Rüppell, ambao hutaga katika majabali ya Kwenia, Kaunti ya Kajiado, ni hodari wa kuruka kupita ndege wote wanaojulikana: mwaka 1973 mmoja wao aligongana na eropleni juu ya Abidjan, katika urefu wa mita kama 11,300. Tena kazi yake ni ya mganga wa afya. Kundi la tumbusi humaliza mzoga kwa muda mfupi, na magonjwa yaliyomo hayapati nafasi ya kuenea.

Sasa ndege huyu yumo hatarini. Simba au fisi akiua ng'ombe, baadhi ya watu hutia sumu katika mzoga ili kulipiza kisasi. Simba mmoja hufa, lakini tumbusi huja kwa makumi kutoka mbali, na wote hufa. Kwa kuwa jike hutaga yai moja tu kwa wakati, hasara ya siku moja hailipiki kwa miaka mingi. Mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe waliandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio karibu sana kutoweka.

Yaliyotokea India ni onyo. Huko, katika miaka ya 1990, tumbusi wa aina tatu walikufa zaidi ya 95 kwa kila 100, kwa sababu ya dawa ya kutuliza maumivu iliyotiwa ng'ombe na kubaki katika mizoga yao. Mizoga ikaoza mashambani, mbwa wasio na mwenyewe wakaongezeka, na pamoja nao hatari ya kichaa cha mbwa. Serikali ya India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini ndege walikuwa wamekwisha kupotea. Basi msafiri akiona tumbusi wengi wamekufa karibu na mzoga asiguse chochote, kwa maana sumu hiyo huua na watu. Aandike mahali na saa, na kupeleka habari upesi kwa chifu na kwa Shirika la Wanyamapori.

KUANDIKA ALICHOKIONA

Safari ya namna hii isiishie katika kumbukumbu ya mtu mmoja. Tangu mwaka 2013 iko kazi iitwayo Kenya Bird Map, ambayo imeigawa nchi yote katika miraba yenye upana wa kilomita kama 9. Mtu yeyote anaweza kusaidia. Hutembea ndani ya mraba mmoja kwa muda usiopungua saa mbili, akaandika kila aina ya ndege aliyemwona au kumsikia, kisha hupeleka orodha kwa simu. Miraba ya Nairobi imeandikwa mara nyingi kwa sababu watu ni wengi. Miraba ya nchi kame ina orodha chache. Mwenda kwa miguu kutoka Ngong hadi Magadi hupita katika miraba kama kumi, na kila mmoja humpa nafasi ya kujaza pengo katika elimu ya nchi yake. Na akimkuta ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, aandike namba ya pete na kuipeleka Makumbusho. Namba hiyo huweza kueleza ndege yule alitoka wapi.

Basi kwa ufupi: chagua majira, fanya mazoezi miezi miwili, hesabu maji kabla ya kuhesabu ndege, heshimu wenyeji, tembea asubuhi na jioni, na andika kwa ukweli. Orodha iliyoandikwa leo na kijana wa Kangemi au Dagoretti ndiyo watakayoisoma watu wa baadaye, watakapotaka kujua kama tumbusi walikuwa bado wanazunguka juu ya Olorgesailie katika siku zetu.